Kimya cha Mbingu na Dhahabu ya Ardhi Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya jumuiya katika maadhimisho ya hekalu, Shinyanga



Kamati ya maadhimisho ilituomba tuzungumze juu ya jambo litakalowafaa vijana wanaosoma sayansi bila ya kuwachosha wazee. Tumechagua swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali sana na Shinyanga: mbona mbingu ziko kimya? Ikiwa nyota ni nyingi kiasi hiki, na nyingi kati yake zinazungukwa na sayari, kwa nini hakuna kiumbe mwingine mwenye akili aliyepata kutufikishia hata salamu moja? Nyuma ya swali hilo limejificha la pili, tena zito zaidi: je, kimya hicho kinatuambia neno lolote juu ya hatima yetu sisi wenyewe? Tutajaribu kuonyesha kwamba maswali haya yamo ndani ya mwamba wa Geita, kando ya ziwa letu, na hata ndani ya kuta za hekalu hili.

Swali la mezani

Mwaka 1950 mwanafizikia Enrico Fermi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alikuwa akila chakula cha mchana pamoja na wenzake katika maabara ya Los Alamos. Mazungumzo yaligusa habari za viumbe wa sayari nyingine, yakaacha, yakaingia mambo mengine. Ghafla Fermi akauliza: wako wapi wote? Wenzake walicheka, lakini walifahamu mara moja alichokusudia, na swali hilo halijapata jibu hadi leo.

Tuitazame hesabu yake. Ule ukanda mweupe wa nyota tunaouona usiku wa kiangazi, ambao Waswahili huuita Njia Nyeupe na wazee wetu huuita Akasha Ganga, yaani Mto Ganga wa mbinguni, una nyota zisizopungua bilioni 100. Dunia yetu ina umri wa miaka bilioni 4.5, hali ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo ziko nyota nyingi zilizotutangulia kwa mabilioni ya miaka. Taifa la viumbe wenye akili lililotutangulia kwa kiasi hicho, hata kama vyombo vyake vingekwenda kwa sehemu ndogo tu ya kasi ya mwanga, lingeweza kuenea katika Njia Nyeupe nzima kwa muda wa makumi ya mamilioni ya miaka. Sisi tuliolelewa katika mapokeo yanayohesabu siku moja ya Brahma kuwa miaka bilioni 4.32 hatutishwi na tarakimu za namna hiyo. Hatusemi kwamba wahenga walipima umri wa dunia kwa vyombo; tunasema tu kwamba walituzoeza kufikiri kwa muda mrefu kuliko maisha ya mfalme mmoja au ya dola moja. Na kwa muda mrefu wa namna hiyo, wageni walipaswa wawe wamekwisha kufika.

Mwaka 1960 mwanaastronomia Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, nchini Marekani, kwenye nyota mbili za jirani, akasikiliza. Hakusikia kitu. Mwaka uliofuata aliandika hesabu inayobeba jina lake. Hesabu hiyo huzidisha mambo kadhaa: nyota ngapi huzaliwa kila mwaka, ngapi zina sayari, sayari ngapi zinafaa kwa uhai, ngapi hupata uhai, uhai huo huzaa akili mara ngapi, na akili hiyo hutengeneza mitambo ya kupeleka habari mara ngapi. Mwishoni kuna herufi moja, L, ambayo maana yake ni muda: taifa lenye uwezo wa kupeleka habari hudumu kwa muda gani kabla ya kunyamaza?

Wanasayansi wamesonga mbele sana katika sehemu za mwanzo za hesabu hiyo. Mwaka 1995 iligunduliwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Leo zilizothibitishwa zimepita 5,000. Lakini herufi L haipimwi kwa darubini. Hupimwa kwa tabia ya viumbe wenyewe, na viumbe pekee tulio nao wa kuwapima ni sisi.

Majibu manne

Majibu yaliyotolewa ni mengi, ila yote yanaweza kukusanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza husema kwamba hawapo na hawakuwapo kamwe. Uhai wenye akili ni ajali adimu mno, nasi ndio pekee. La pili husema kwamba wapo, lakini umbali ni mkubwa na muda wetu wa kusikiliza ni mfupi. La tatu husema kwamba wapo na wamenyamaza kwa makusudi, kama mtu apitaye usiku katika msitu wenye chui, ambaye hawezi kupiga yowe. La nne, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi leo, husema kwamba walikuwapo, wakapata uwezo mkubwa, kisha wakatoweka.

Hebu tulipe haki yake fungu la pili, kwa kuwa mara nyingi linasahauliwa. Upana wa Njia Nyeupe ni takriban miaka ya nuru 100,000. Mwanadamu amekuwa akitumia redio kwa muda wa karne moja hivi, kwa hiyo sauti yetu haijakwenda mbali zaidi ya miaka ya nuru mia moja na kitu. Tuchukue mfano wa barabara. Tukisema upana wa Njia Nyeupe ni sawa na safari ya kutoka hapa Shinyanga hadi Mwanza, yaani kilomita 160 hivi, basi sauti ya binadamu imekwenda mita 160 tu kutoka mlangoni mwa hekalu hili. Haijafika hata sokoni. Nani wa Mwanza atatujibu?

Wilaya ya Kahama, katika mkoa wetu huu, ilitupa funzo kubwa juu ya maana ya kimya. Mwezi Oktoba 2015 duara la wachimbaji wadogo lilititia katika machimbo ya Nyangarata, na watu wakafukiwa chini. Waokoaji walijaribu, siku zikapita, na wengi wakakata tamaa. Juu ya ardhi hakukusikika kitu. Lakini chini watu walikuwa hai: walikula mizizi, vyura na mende, wakanywa maji yaliyokuwa yakivuja kwenye mwamba. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wachimbaji wenzao waliokuwa jirani walisikia sauti, na watu watano wakatolewa wakiwa hai.

Ndugu zetu, kwa siku 41 kimya cha Nyangarata kilikuwa na maana mbili. Kwa waliokuwa juu, kilimaanisha kifo. Kwa waliokuwa chini, kilimaanisha kwamba hakuna aliyesikiliza mahali panapostahili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwenye hekima hafanyi haraka kusoma hitima juu ya nyumba asiyoijua. Na tangu Drake aelekeze darubini yake hadi leo, binadamu ametega sikio kwa miaka isiyofika mia, juu ya sehemu ndogo sana ya anga, kwa mawimbi machache kati ya mengi yanayowezekana. Hatuna haki ya kusema kwamba mbingu ni tupu.

Hata hivyo hatuna pia haki ya kulipuuza fungu la nne.

Chujio

Kila mchimbaji wa Geita anafahamu kazi ya kuchenjua. Mawe mengi huingia kwenye karasha, yakawa unga. Unga mwingi hupitishwa kwa maji. Na mwishoni hubaki chembe chache za kung'aa. Ukikuta magunia mia ya mawe yameingia na dhahabu haikutoka hata chembe, utajua kuna mahali katikati inapopotelea.

Katika miaka ya 1990 mchumi wa Marekani, Robin Hanson, aliitumia hoja ya namna hiyo kwa ulimwengu mzima. Upande mmoja tunaona sayari nyingi mno. Upande wa pili hatuoni hata taifa moja lililoenea katika nyota. Kwa hiyo, kati ya udongo usio na uhai na taifa lililoenea mbinguni, lazima kuwe na hatua moja au zaidi ambazo karibu wote hushindwa kuzipita. Akaliita jambo hilo Chujio Kuu. Swali ni moja: chujio hilo liko nyuma yetu au mbele yetu? Kama liko nyuma, kwa mfano katika kuanza kwa uhai wenyewe, basi sisi tumekwisha kulipita, nasi ni chembe adimu. Kama liko mbele, maana yake ni kwamba mataifa mengi yalifika hapa tulipofika, yakaishia hapa.

Wazee wetu waliyajua haya kwa njia ya hadithi, na kila mtoto aliyelelewa katika hekalu hili ameisikia. Jitu Bhasmasura lilifanya ibada ngumu hata Shiva akalipa zawadi liliyoitaka: kila litakayemwekea mkono kichwani atageuka majivu. Zawadi ilikuwa ya kweli na nguvu zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni akili ya kuzimiliki. Jitu lilianza kwa kutaka kumchoma aliyelipa zawadi. Vishnu akajigeuza kuwa mrembo Mohini, akaliomba licheze naye ngoma na kumfuatisha kila anachofanya. Mohini akauweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. Bhasmasura naye, akiwa amelewa uzuri, akafuatisha. Likawa majivu. Hakuna adui aliyeliua: liliuawa na mkono wake lenyewe.

Mkono huo binadamu anao tangu mwaka 1945, na haukutengenezwa mbali na Afrika yetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Waliochimba hawakuambiwa jiwe lile litafanya nini. Leo dunia ina vichwa vya nyuklia takriban 12,000. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, mtambo wa tahadhari wa Urusi ya Kisovieti ulionyesha kwamba makombora ya Marekani yalikuwa njiani. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua kwamba ni hitilafu ya mtambo, akaripoti hivyo, na ikawa kweli. Kwa dakika kadhaa herufi L ya hesabu ya Drake ilikaa mikononi mwa mtu mmoja aliyeketi kitini.

Kutoweka si jambo geni hapa kwetu

Wako wanaodhani kwamba habari za kutoweka kwa binadamu ni ndoto za watungaji wa filamu. Tunawaomba watazame nchi yetu yenyewe. Mwaka 1959 huko Oldupai, Mary Leakey aliokota fuvu la kiumbe aliyeitwa Zinjanthropus, aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Alikuwa jamaa yetu, akitembea kwa miguu miwili, na jamii yake ilidumu katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka milioni moja. Binadamu wa aina yetu ana umri wa takriban miaka 300,000 tu. Yule aliyetushinda kwa kudumu hakuacha mjukuu hata mmoja. Kila mwenye kuzuru Oldupai amesimama juu ya kaburi la ukoo uliokwisha.

Njooni karibu zaidi, kando ya Ziwa Viktoria. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao wataalamu walikuja kutoka mbali kuwachunguza pale Mwanza. Na ajabu yake ni kwamba takriban miaka 16,000 iliyopita ziwa lenyewe lilikuwa limekauka. Baadaye maji yalirudi, na utajiri huo wote wa furu ukachanua kwa muda ambao kwa kalenda ya dunia ni kufumba na kufumbua. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliingizwa ziwani. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa ametawala, na wataalamu wanakadiria kwamba takriban aina 200 za furu zilitoweka. Waliomwingiza hawakukusudia maangamizi. Walitaka samaki mkubwa wa kuliwa na kuuzwa. Wakampata, na viwanda vya Mwanza vikapata kazi. Hasara haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote, kwa kuwa furu hawana mwakilishi.

Hayo ndiyo yanayotutia hofu kuliko vita. Vita vina tarehe na vina majina. Kutoweka kwingine huingia kwa mlango wa faida, kidogo kidogo, na kila mshiriki akiwa na sababu nzuri.

Sumu na dhahabu

Sasa tufike kwenye dhahabu yenyewe, ambayo jumuiya yetu imeishi nayo kwa vizazi. Neno sonara limeingia katika Kiswahili kutoka kwetu. Hakuna harusi yetu isiyo na dhahabu, wala mungu wa hekalu hili asiyepambwa nayo.

Dhahabu hii ilitoka wapi? Jua letu haliwezi kuitengeneza. Tarehe 17 Agosti 2017 wanasayansi walinasa mtikisiko uliotokana na nyota mbili za nyutroni, mabaki ya nyota zilizokufa, zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Katika mwanga wa mgongano ule waliona dalili za kutengenezwa kwa vitu vizito, vya jamii ya dhahabu. Kwa hiyo kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia ilizaliwa katika majanga ya namna hiyo kabla jua letu halijawaka, ikaingia katika vumbi lililofanya dunia, kisha ikakusanywa katika miamba ya kale ya Geita na Kahama zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mbingu mnazodhani ziko kimya zimekwisha kutupelekea kitu, nasi tunakivaa shingoni.

Lakini tazameni tunavyokitoa. Katika mialo mingi ya wachimbaji wadogo, zebaki humiminwa kwenye karai na kukorogwa kwa mkono mtupu pamoja na mchanga. Huikamata dhahabu, ikawa donge. Donge huchomwa motoni, zebaki ikaruka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo huingia katika mapafu ya mchomaji na ya mama aliyeketi karibu na mtoto mgongoni. Unaobaki huanguka ardhini, hufuata mvua hadi mtoni na ziwani, na humo hugeuka kuwa sumu inayopanda ndani ya samaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki ambayo binadamu huiingiza hewani. Mji wa Minamata, Japani, uligundua mwaka 1956 maana ya zebaki ndani ya samaki: watoto walizaliwa na miili iliyopinda na akili zilizofifia. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulitiwa saini mwaka 2013, na Tanzania imeuridhia.

Hapa pia mapokeo yetu yanazungumza. Miungu na majitu waliikoroga Bahari ya Maziwa kwa pamoja ili wapate amrita, maji ya uhai. Mlima Mandara ulikuwa mwiko, na nyoka Vasuki alikuwa kamba. Lakini kabla ya amrita haijatoka, ilitoka halahala, sumu iliyotishia kuua viumbe wote. Wakorogaji wote walikimbia. Wote walitaka amrita. Hakuna aliyeitaka sumu, ingawa kamba ilikuwa mikononi mwa wote. Shiva ndiye aliyeinywa, akaizuia kooni isishuke wala isirudi, na koo lake likawa la buluu. Ndiyo sababu tunamwita Nilakantha.

Tunaona katika kisa hicho namna ya chujio kupitika. Kila taifa linalokoroga bahari hupata sumu kabla ya amrita. Moshi wa makaa ya mawe umekuja pamoja na umeme, na urani imekuja pamoja na elimu ya atomu. Kinachoamua ni kama miongoni mwa wakorogaji yuko aliye tayari kuibeba sumu isiwafikie wengine, au kama kila mmoja atanyosha mkono wa amrita na kuigeuzia sumu kisogo.

Ushahidi wa Shinyanga

Je, tunao ushahidi kwamba binadamu anaweza kugeuka kabla hajafika ukingoni? Tunao, na hatuna haja ya kwenda mbali. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa wingi ili kumwondoa mbung'o. Baadaye yakaongezeka mashamba ya pamba, mifugo na kuni. Ikafika wakati Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Wazee waliopo hapa wanakumbuka vumbi lile.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Nguvu yake kubwa ilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuiacha ipumzike hadi kiangazi. Mwanzoni ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka 20 baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ilirudi, hasa kwa kuachwa iote yenyewe kutoka katika visiki na mizizi iliyolala ardhini. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tuzingatie siri yake. Ngitili ni tendo la kujizuia: mtu mwenye ng'ombe wenye njaa leo anakubali kutoigusa nyasi iliyo mbele ya macho yake, kwa ajili ya mwezi ambao bado haujafika. Ikiwa kuna taifa lolote kati ya nyota ambalo limedumu kwa miaka milioni, tunaamini kwamba limedumu kwa kitu kinachofanana na ngitili. Na huenda taifa la namna hiyo halina haja ya kupiga kelele mbinguni wala ya kumeza kila sayari. Kimya chake kingekuwa kimya cha shibe. Hilo nalo ni jibu moja kwa Fermi.

Salamu iliyo njiani

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, ambavyo leo vimekwisha kutoka katika eneo la upepo wa jua letu. Kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia. Zimo salamu za lugha 55, na Kigujarati kimo: msemaji anatoa salamu za mwanadamu wa dunia na kuomba apewe majibu. Imo sauti ya Kesarbai Kerkar akiimba utenzi wa Kihindi uitwao Jaat Kahan Ho, maana yake, unakwenda wapi. Umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, na salamu ya Kiganda. Kiswahili hakimo.

Vyombo hivyo vitazimika umeme wake hivi karibuni, lakini sahani zitaendelea kusafiri kwa mamilioni ya miaka, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Inawezekana kabisa kwamba zitakuwa bado zinasafiri wakati hakuna tena binadamu wa kupokea majibu. Fermi aliuliza, wako wapi? Bibi Kerkar anauliza, unakwenda wapi? Kwetu sisi swali la pili ndilo la haraka zaidi.

Nasi wa jumuiya hii tunalijua kwa uchungu wa pekee. Wazee wetu walifika Kanda ya Ziwa kwa ajili ya duka na pamba. Baada ya 1967, na zaidi baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zilihama. Leo karibu kila nyumba yetu ina mtoto Dar es Salaam, Leicester au Toronto. Kengele ya jioni inapopigwa, wanaoitikia ni wachache kuliko walioitikia siku ya kufunguliwa kwa hekalu. Jumuiya ndogo hufahamu kabla ya taifa kubwa kwamba kudumu si haki ya mtu. Ni kazi ya kila siku, na taa huwaka kwa kuwa kuna aliyekumbuka mafuta.

Kwa hiyo hatutaki hotuba hii iishe kwa maneno matupu. Tunaleta mbele ya kamati mapendekezo matatu. La kwanza: masonara na wafanyabiashara wetu wa dhahabu, ambao tangu 2019 hununua katika masoko ya madini yaliyoanzia Geita, wawe na desturi ya kumwuliza kila muuzaji namna dhahabu yake ilivyochenjuliwa, na jumuiya ichangie ununuzi wa ritoti, vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki, kwa vikundi vya wachimbaji watakaokubali kuvitumia. Mwenye kuivaa amrita asimwachie mwingine sumu yote. La pili: sehemu ya kiwanja cha hekalu iliyo tupu itengwe iwe ngitili yetu, na miti iachwe iote. La tatu: mara moja kwa mwezi, usiku usio na mbalamwezi, ua wa hekalu ufunguliwe kwa wanafunzi wa shule zote za mji, wa dini zote, waje kutazama nyota kwa darubini ndogo na kufundishwa hesabu ya Drake kwa Kiswahili. Mmoja wao huenda akaandika salamu ambayo haikuandikwa mwaka 1977.

Kama mbingu zina wasikilizaji hatujui watatusikia lini. Watoto wetu wanatusikia usiku huu.

 Om shanti, shanti, shanti.